Fort Jesus, Mombasa: anza na vigae, mizinga baadaye

Wageni wengi huingia Fort Jesus kwa ajili ya mizinga na picha za bahari, ukumbi wa maonyesho wakaupitia mbiombio. Kuta za ngome unaweza kuzitazama ukiwa nje bila kulipa chochote. Kinachostahili tiketi ni mkusanyiko wa akiolojia ulioko ndani, hasa vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo vya kale.

Wareno walianza kuijenga ngome 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kuanzia 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza la Waingereza. Wafungwa walipohamishwa, mwanaakiolojia James Kirkman, ambaye alikuwa amechimba Gede, magofu ya mji wa Waswahili karibu na Malindi, tangu 1948, akaanza kuchimba ndani ya kuta. Makumbusho yalifunguliwa 1960 kwa msaada wa fedha za Gulbenkian Foundation, na Kirkman ndiye aliyekuwa msimamizi wa kwanza.

Asili hiyo ndiyo sababu ya jambo linalowachanganya wengi: makabati ya vioo hayana vitu vya ngomeni peke yake. Vya Gede, na vya Manda na Ungwana, miji mingine ya kale ya pwani ya Kenya, vimo pia. Kwa hiyo soma kwanza jina la mahali kitu kilipotoka, kisha karne yake, ndipo ukitazame. Kigae cha Manda cha karne ya 9 kimeitangulia ngome kwa miaka 700 hivi, na Mreno hahusiki nacho hata kidogo.

Vigae vyenyewe si vigumu kuvitambua. Chungu kisicho na mng'ao, chenye mistari ya kukwaruzwa shingoni au begani, ni kazi ya wafinyanzi wa pwani. Hakivutii macho, lakini vya aina hii ndivyo vingi kuliko vyote wanaakiolojia wanapochimba miji ya Waswahili. Kizito chenye kijani kilichopauka ni seladoni ya China, iliyofika kwa wingi karne ya 14 na ya 15. Cheupe chenye maua ya buluu, pia cha China, huongezeka baadaye. Vipande vinene vya mitungi ya buluu-kijani, vyenye udongo laini wa manjano, vilitoka pande za Ghuba ya Uajemi.

Kauri za China hutumika kama kalenda kwa sababu mitindo yake inajulikana ilitengenezwa lini. Tabaka la udongo lenye kigae cha karne ya 15 haliwezi kuwa la kale kuliko hicho kigae. Lakini laweza kuwa la baadaye sana, maana sahani nzuri hurithishwa vizazi kadhaa kabla ya kuvunjika. Mwongozaji akikutajia mwaka kamili kwa kutegemea kipande kimoja, mwulize kilikutwa pamoja na nini.

Sehemu bora kuliko zote ni ya Santo António de Tanna, manowari ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa na Waomani. Mzingiro wenyewe ulianza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy waliichimba kuanzia 1977 hadi 1980. Mwili wa meli haukuopolewa. Ulipimwa, ukachorwa, ukafukiwa tena palepale. Uamuzi wa busara. Mbao zilizolowa karne tatu zikikaushwa ovyo hujikunja na kupasuka, kwa kuwa ni maji yanayoshikilia nyuzi zake. Lazima zilowekwe katika polyethylene glycol, aina ya nta inayoyeyuka majini, kwa miezi au hata miaka. Vyombo vya udongo navyo hulowekwa katika maji yasiyo na chumvi, yanayobadilishwa mara kwa mara. Bila hivyo, chumvi ya bahari huganda ndani na kubandua mng'ao. Chuma ndicho kisumbufu zaidi: huendelea kula kutu hata baada ya kusafishwa, hasa katika unyevu wa Mombasa.

Usiiache pia michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno waliokaa ngomeni, kwa makaa na udongo mwekundu. Merikebu zimo, na kwa kuzitazama utaelewa walikuwa wakiwaza nini.

Upungufu upo: asiye na mwongozaji huondoka anajua majina ya vitu kuliko namna vilivyofukuliwa. Basi mchukue mwongozaji, ila mkubaliane bei kabla ya kuanza, na umwambie mapema kwamba unataka muda mrefu ukumbini. Mkifika Njia ya Matao, simulizi za kutisha hunoga. Njia hiyo ilikatwa kwenye matumbawe ili kuunganisha ngome na bahari.

Milango hufunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Wahi mapema, kabla ya jua kali na misafara ya wanafunzi. Raia wa Kenya abebe kitambulisho, kwa kuwa kiingilio chake ni tofauti na cha mgeni. Na kama Gede imo katika safari yako, anza na Fort Jesus: ukiwa umeshaizoea seladoni kabatini, magofu ya kule yatakuwa na mengi zaidi ya kukueleza.