Bendera ya mwenyeji: ya kuchapwa au ya fundi?

Ukitoka Kilindini kwa mashua yako ya starehe kwenda Pemba, bendera ya Kenya hukaa tezi, yaani nyuma ya chombo. Ukiingia maji ya Tanzania, upande wa kulia wa mlingoti hupanda ile ya manjano ya kuomba ruhusa. Ukishagongewa mihuri inashuka, na ya mwenyeji, yaani ya nchi uliyoingia, inapanda mahali pake. Hiyo ya mwenyeji, uinunue imechapwa au ushonewe?

Ya kuchapwa ni nyepesi, hupepea hata kwa upepo mdogo. Ila jua huichujua haraka na upepo huitafuna pindo.

Ya fundi cherehani hudumu, lakini simama naye. Bendera ya Tanzania ni ya mshazari: kijani juu, karibu na mlingoti, buluu chini, upande wa nje, kati yake ukanda mweusi wenye kingo za manjano, unaopanda kutoka chini. Kitanzi kikishonwa upande usio wake, umemtundikia mwenyeji bendera yake kinyume, na hapo hata tabasamu halikusaidii.

Kwa safari ya wiki moja ningechukua ya kuchapwa. Kwa msimu mzima wa kaskazi, fundi.