Kauntabuku ya kwaya 2: miezi saba ya kuandika hadithi za kichwani

Kauntabuku hii niliinunua mwezi wa Januari kwa shilingi 4,000, kwenye duka la vifaa vya shule jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro. Ni ya kwaya 2, kurasa 192, jalada gumu jeusi na uti mwekundu wa kitambaa. Mimi ni fundi cherehani. Kauntabuku kwangu ni kitu cha kazi: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, tarehe ya kuchukua, salio. Upande wa mbele wa hii umebaki hivyohivyo. Lakini ukiigeuza nyuma-mbele, kichwa chini, utakuta hadithi ambazo akili yangu hunisimulia usiku. Huo upande wa nyuma ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Nilipewa kazi hii na mshauri nasaha niliyemwendea kwa sababu nilikuwa silali. Saa nane za usiku naamka, moyo unadunda, kichwani kama kuna mtu anazungumza na hataki kukatizwa. Nilimwambia tu kwamba nina mawazo. Kwetu mtu akikonda tunasema ana mawazo, na kila mtu anaelewa. Yeye alinieleza kwamba Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na kwamba kule Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani wakae kwenye benchi wawasikilize watu wenye hali hiyo. Halafu akaniuliza: "Dada, hayo mawazo yanasema nini hasa? Neno kwa neno." Nilikaa kimya. Hofu nilikuwa naijua vizuri, maneno yake sikuwa nayajua. Akasema nikayaandike.

Nilianza na simu, ikanishinda mapema. Simu ndiyo inayoniletea hizo hadithi. Mteja amesoma ujumbe wangu, tiki mbili za buluu zipo, jibu hakuna; hapo kichwa kimeshapata mtaji. Huwezi kwenda kutafuta utulivu mahali palepale. Kauntabuku haiiti, haiwaki taa, na kuandika kwa kalamu ni polepole kuliko kichwa kinavyokimbia. Kichwa kinalazimika kunisubiri.

Ukurasa naugawa safu nne kwa rula ya kukatia vitambaa. Ya kwanza ni kilichoonekana kwa jicho au kusikika kwa sikio, basi. Ya pili ni hadithi yenyewe, jinsi kichwa kinavyoisema, hata kama ni matusi. Ya tatu nimeiita "futi": ni kipi kinachopimika kinachoiunga mkono hadithi, na kipi kinachoikataa. Ya nne ni kinachobaki baada ya kupima. Mshauri alisema mtindo huu unatokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, Marekani. Miaka ya 1960 Beck aligundua kwamba chini ya yale wagonjwa wake waliyokuwa wakimweleza kulikuwa na mawazo mengine, mafupi, ya haraka, ambayo mtu huyaamini bila kuyakagua. Aliishi miaka 100, akafariki mwaka 2021.

Juu ya safu ya pili nimeongeza kitu changu mwenyewe. Bibi yangu alipokuwa akianza kutusimulia alisema kwanza "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kila mtu alijua kinachokuja ni nini. Kichwa changu hakipigi hodi namna hiyo, kinaanza katikati na kinasema kama shahidi aliyekuwepo. Kwa hiyo mimi ndiye ninayekiandikia: Hadithi, hadithi. Maneno mawili tu, na mara nyingi mkono huacha kutetemeka nikiwa nayaandika.

Nitatoa mfano mmoja mzima. Mwezi wa Machi nilishona sare sita za kitenge kwa ajili ya sendofu, kazi iliyoletwa na mama mmoja mwalimu aliyekuwa kwenye kamati. Wiki mbili baadaye nilimwona stendi ya Msamvu. Nikampungia mkono, akageuka. Usiku ule niliandika, safu ya kwanza: "Nilimwona, nilipunga, aligeuka. Alikuwa na ndoo mkononi." Mistari miwili. Safu ya pili ilijaza ukurasa na nusu. Sare zimekaa vibaya. Kamati nzima wananisema. Msimu wa harusi utapita bila mtu kuja. Mimi si fundi, ni mbabaishaji, na hata binti ninayemfundisha kazi anajua. Kwenye futi sikuwa na cha kuandika upande wowote. Hiyo ndiyo ilinishtua: nimelia saa mbili kwa jambo ambalo sina hata inchi moja ya kulipimia.

Asubuhi nilimpigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, kusema ukweli makwapa yalibana. Niliona aibu kukwambia." Na gauni la ubatizo wa mjukuu wake alikuwa ameshalipeleka kwa fundi mwingine.

Naomba msomaji aelewe hapa. Kauntabuku haikunithibitishia kwamba hofu yangu ilikuwa bure. Sehemu ya hadithi ilikuwa kweli, na iliniuma. Ila ukweli wenyewe ulikuwa na ukubwa wa kwapa. Kamati nzima haikuwemo, ubabaishaji haukuwemo. Nilikuwa nimeacha akiba ya inchi moja kwenye mshono wa ubavu, nikamwambia azirudishe nifumue. Zilirudi nne. Yeye mwenyewe hajaniletea kazi nyingine hadi leo, nami nimeliandika hilo kwenye safu ya nne kama lilivyo.

Faida kubwa zaidi niliipata mwezi wa tano, Jumapili moja niliyokaa nikasoma kurasa zote za nyuma mfululizo. Nilihesabu hadithi 41. Wahusika wanabadilika: mteja, shemeji, mwenye fremu, mwalimu wa mtoto. Lakini 29 kati yake zina mwisho mmoja: wataniacha. Nilikuwa na miaka kumi nilipopelekwa kwa shangazi Kilosa nikaambiwa nitafuatwa likizo ikiisha. Likizo iliisha. Sikuwahi kufikiri kwamba yule mtoto aliyekaa kibarazani ndiye anayenisomea ujumbe wa wateja wangu usiku wa manane. Nilimwonesha mshauri ukurasa ule, tukautumia kwa vikao vitatu vilivyofuata. Bila maandishi nisingeuona, kwa sababu kila usiku hadithi ilikuja imevaa nguo mpya.

Kasoro zake sasa. Karatasi ni nyepesi, kalamu ya jeli inapenya hadi upande wa pili. Tumia ya kawaida. Gundi ya uti ilianza kuachia mwezi wa tano, nikaushona kwa uzi wa viatu na umekaa vizuri tangu hapo. Haina utepe wa kuwekea alama, natumia kipande cha bitana. Kasoro nzito ni kwamba haifungiki. Yule binti aliifungua akitafuta vipimo, akasoma lile neno "mbabaishaji" na jina lake pembeni. Alilia. Ilibidi tukae chini niyaseme kwa mdomo yale niliyoyaandika, na nimwombe radhi. Kama unaishi na watu, nunua ya kwako peke yake, usichanganye na ya kazi kama nilivyofanya mimi.

Pia si ya kila kitu. Kaka yangu alipofariki mwezi wa sita sikuichora safu hata moja. Msiba si hadithi ya kichwani, hauna cha kupimwa. Nililia na ndugu zangu, nikaiacha kabatini siku arobaini. Na kama sauti ya usiku inakwambia ujidhuru, usikae nayo kwenye karatasi. Mwamshe mtu, nenda hospitali usiku huohuo.

Kwa mtu asiyelala kwa sababu ya "watasema" na "wataniacha", kwa shilingi 4,000, naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeitoa kwa ajili ya gundi.

Leo vipimo vya wateja vimefika ukurasa wa 131. Hadithi, zinazotoka nyuma, zimeishia ukurasa wa 158. Hadi Aprili zilikuwa zikila kama kurasa mbili kwa wiki. Julai nzima zimekula mbili.