Nyuso Nne za Kigae Kimoja: Tathmini Baada ya Miaka Mitatu ya Kudeki

Nilipofika hatua ya sakafu katika ujenzi wa nyumba yangu, nilifanya jambo ambalo fundi aliliona kuwa ni ukaidi mtupu: nilichagua kigae kimoja cha porselini, cha rangi ya majivu na ukubwa wa sentimita 60 kwa 60, kisha nikakinunua katika nyuso zote nne ambazo kiwanda kilikuwa kinakitoa. Sebuleni tuliweka kinachong'aa kama kioo. Kwenye korido tuliweka kilichong'arishwa nusu, ambacho wauzaji hukiita lapato. Jikoni na vyumba vya kulala vilipata cha mati, yaani kisichong'aa, na bafuni pamoja na barazani tukaweka chenye uso unaoparuza. Huu ni mwaka wa tatu, na kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye ninayedeki, naona ninayo haki ya kusema ni uso upi ulionihurumia na upi ulionitesa.

Kabla ya kuvihukumu, inafaa ieleweke kwamba vigae hivyo vinne ni ndugu wa tumbo moja. Udongo wa mfinyanzi, kaolini, feldspa na mchanga wa silika husagwa, hushindiliwa kwa mashine yenye nguvu kubwa, kisha huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1200 za Selsiasi mpaka chembe zishikamane na kuwa kitu kigumu ambacho karibu hakinywi maji. Kwa kipimo cha kimataifa, kigae huitwa porselini pale kinapofyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "hii ni porselini halisi" amekueleza habari za mwili tu, ilhali utakachokikanyaga, utakachokifuta na utakachokilalamikia ni ngozi, na habari za ngozi ni sharti uziulize wewe.

Nianze na sebule, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu zaidi. Uso unaong'aa wa aina niliyonunua hupatikana kwa kukisugua kigae baada ya kuchomwa, kwa mawe ya msasa wenye chembe za almasi, kuanzia makali hadi laini, mpaka mwanga uanze kurudi kama kwenye kioo. Msuguo huo huondoa ngozi ya juu iliyojifunga ndani ya tanuri na kufichua vitundu vidogo mno vilivyokuwa vimefunikwa, vitundu ambavyo jicho halivioni lakini wino, mafuta na rangi ya grauti, ile saruji ya kujazia mianya kati ya vigae, huvijua vilivyo. Viwanda vingi huvijaza kwa dawa ya kuziba kabla kigae hakijaingia kwenye boksi. Changu hakikuwa kimejazwa, nami sikuuliza. Fundi alipomwaga grauti nyeusi na kuisambaza kwa raba, kama alivyozoea kufanya kwenye vigae vingine, ile rangi ilizama, na hadi leo jua la jioni likiingia dirishani huonekana kivuli cha kijivu kandokando ya kila mwanya, mithili ya wanja uliofutwa vibaya. Nilijaribu sabuni ya kawaida, nikajaribu dawa ya kuondolea mabaki ya saruji, nikasugua kwa brashi mpaka mkono ukafa ganzi. Kivuli kipo. Dawa ya kuziba ingepakwa kabla ya grauti, kazi ya saa chache, haya yasingetokea. Na grauti yenyewe ingekuwa ya rangi inayokaribiana na kigae, hata doa lisingeonekana sana.

Upo uso mwingine unaong'aa ambao haupatikani kwa njia hiyo. Huo hupakwa glezi, ile ngozi ya kioo iliyochapwa picha ya mawe au mbao, kisha glezi hiyo ndiyo hung'arishwa. Haunywi doa kwa urahisi kama ule wa kwanza, lakini glezi ni nyembamba, na ikilika, kinachotokeza chini yake ni mwili wenye rangi isiyofanana nayo. Kwa vigae vya glezi kuna alama ya kustahimili msuguo iitwayo PEI, inayoanzia 0, ambayo ni ya ukutani tu, hadi 5, ambayo huhimili mahali penye watu wengi. Kwa kigae kisicho na glezi alama hiyo haihusiki kabisa, na muuzaji anayekutajia PEI ya kigae cha namna hiyo hajui anachokiuza.

Adui mkubwa wa sebule yangu, hata hivyo, amekuwa mchanga. Chembe za mchanga wa kawaida nyingi ni za kwazi, madini magumu, na ugumu wa kwazi katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, ni 7, sawa na kigae chenyewe au zaidi. Kila mtu anayeingia na viatu huingia na msasa chini ya nyayo. Baada ya miaka miwili ilijitokeza njia kutoka mlangoni hadi kwenye makochi, kama ile inayochimbwa na ng'ombe waendao mtoni, ambapo mng'ao umefifia huku pembeni ukiwa bado mpya. Kwenye uso wa mati msuguo huohuo hufanyika, ila hauna mng'ao wa kuuharibu, na kwa hiyo hakuna anayeuona. Zulia gumu la mlangoni limepunguza tatizo. Lingekuwepo tangu siku ya kwanza lingelizuia.

Sitakuwa mwadilifu nikiacha kusema kwamba sebule hiyo ni nzuri. Ina dirisha moja tu, na sakafu huuchukua mwanga wa dirisha hilo na kuusambaza mpaka kona ya mwisho, kiasi kwamba mchana siwashi taa. Vumbi hufutika kwa mpito mmoja wa tambara kavu. Lakini mwanga huohuo huanika kila kosa la fundi: kigae kilichoinuka nusu milimita kuliko mwenzake, ambacho kwenye mati hukioni, hapa hutupa mstari unaokufuata kila unapokaa.

Korido sitaizungumzia sana. Lapato ni uso uliosuguliwa juujuu, hivi kwamba sehemu zilizoinuka hung'aa na mabonde hubaki bila mng'ao. Dukani, chini ya taa zinazoshuka moja kwa moja, hupendeza kuliko vyote, na ndiyo maana wauzaji hukiweka mbele. Nyumbani, mwanga unapokuja kwa upande kutoka kwenye mlango wa mwisho wa korido, huonekana kana kwamba mtu amedeki nusu akaacha. Nakiona kimesifiwa kupita stahili yake. Anayetaka mng'ao wa kiasi afadhali atafute satini, ambayo ulaini wake ni wa uso mzima na haina mabonde ya kuhifadhi uchafu. Niliiona kwa jirani na nikajuta kidogo.

Mati ya jikoni ndiyo niliyoichagua bila kuifikiria, na ndiyo ambayo leo ningeiweka karibu nyumba nzima. Haikusuguliwa kitu, imetoka tanurini na ngozi yake ikiwa imefunga, na kwa hiyo mafuta yanayoruka kutoka kwenye kikaango hubaki juu yakisubiri kufutwa. Niliwahi kusahau tone la chai nzito usiku kucha, asubuhi likaondoka kwa maji matupu. Chungu kizito cha chuma kiliponiponyoka kiliacha mstari wa kijivu, nami nikadhani kigae kimekatika, kumbe ni chuma cha chungu kilichobaki juu ya kigae, kama risasi ya penseli inavyobaki kwenye karatasi. Kiliondoka kwa unga laini wa kusafishia. Kasoro yake ni moja nayo hutokana na sisi tunaodeki. Tukizidisha sabuni, utando wake hubaki juu ya uso usiong'aa, hunata, hushika vumbi, na baada ya miezi michache sakafu huonekana chafu hata dakika tano baada ya kudekiwa. Mwenye sakafu huongeza sabuni, na utando huongezeka. Nilipoanza kudeki kwa sabuni kidogo kisha kusuuza kwa maji safi ya uvuguvugu, rangi ya awali ilirudi kwa wiki mbili. Ningeongeza kwamba mati nyeusi huonyesha nyayo zenye mafuta kuliko hii ya majivu, jambo ambalo wapenzi wa sakafu nyeusi hawaambiwi.

Sasa bafu na baraza, ambako suala si uzuri tena, ni mifupa. Wanunuzi wengi hutajiwa alama ya R, ya kuzuia kuteleza, na kuambiwa kwamba R9 ni nzuri, nao hudhani kwamba ni tisa kati ya kumi. R9 ndiyo ngazi ya chini kabisa. Ngazi zenyewe ni tano tu, kutoka R9 hadi R13. Kipimo hicho, kilichoanzia katika kanuni ya Ujerumani iitwayo DIN 51130, hufanyika kwa mtu aliyevaa viatu kutembea mbele na nyuma juu ya vigae vilivyopakwa mafuta ya mashine, huku jukwaa likiinuliwa taratibu mpaka aanze kuteleza. Akiteleza kati ya nyuzi 6 na 10 za mwinuko, kigae ni R9. Kati ya 10 na 19 ni R10. Kati ya 19 na 27 ni R11. Hadi 35 ni R12, na zaidi ya hapo ni R13. Cha mati cha jikoni kwangu ni R10, cha barazani ni R11, na kile cha sebuleni boksi lake halikuandikwa kitu chochote, ukimya ambao sasa nauelewa.

Ila bafuni nani huoga na viatu? Kwa miguu mitupu kuna kipimo kingine, kilichoanzia katika kanuni ya DIN 51097, ambacho mtu hutembea pekupeku juu ya maji ya sabuni, na matokeo yake ni herufi: A kuanzia nyuzi 12, B kuanzia 18 na C kuanzia 24. Hizo herufi ndizo za kuulizia unaponunua vigae vya bafu, na ni nadra mno muuzaji kuzitaja mwenyewe. Mimi nilizikuta zimeandikwa kwa maandishi madogo ubavuni mwa boksi, baada ya vigae kuwekwa, na kwa bahati tu nikawa nimenunua vya B.

Uso unaoparuza haudekiki kwa tambara. Nyuzi hunasa, tambara huchanika, na maji machafu hubaki ndani ya vijibonde yakikauka na kuacha ramani. Barazani natumia brashi ya nyuzi ngumu, maji mengi na raba ya kusukumia, nami nimeridhika, kwa kuwa mvua hunyesha na watoto hukimbia pale bila mimi kushika roho. Bafuni ningefanya vingine: ningechukua vigae vidogo vya mati chini ya bomba la mvua, kwa sababu mianya mingi ya grauti nayo hushika unyayo, na vigae vidogo hufuata mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji bila kukatwakatwa.

Lipo jambo ambalo hakuna aliyenieleza kuhusu kununua rangi moja katika nyuso nne. Kigae kikisuguliwa rangi yake hukolea, kama jiwe linavyokolea likiloweshwa, na hivyo majivu ya sebuleni ni meusi zaidi kuliko majivu ya jikoni ingawa udongo wake ulikuwa uleule. Isitoshe, msuguo hupunguza unene kwa sehemu ya milimita, na penye mlango wa sebule na korido fundi alilazimika kuongeza gundi upande mmoja ili mguu usijikwae. Anayetaka kuchanganya nyuso aviweke vigae vizima sakafuni, kimoja kando ya kingine, karibu na dirisha la nyumba anayojenga. Apige tochi ya simu kwa upande, amwage maji avue viatu, achore nukta ya kalamu ya wino mzito na aiache mpaka kesho yake. Duka lisiloruhusu kigae kimoja kitoke kwa ajili ya majaribio hayo, mimi silinunulii kitu.

Aangalie pia kama namba ya rangi na namba ya kipimo, yaani ukubwa halisi wa kigae, ni zilezile kwenye kila boksi, kisha aweke akiba ya asilimia 10 kwa ajili ya mikato na siku zijazo. Chini ya ngazi zangu yamebaki maboksi mawili ya vile vya barazani, ambavyo havijawahi kupasuka hata kimoja. Vya sebuleni sikubakiza, na nilipovirudia dukani mwaka jana ili nibadilishe ile njia ya mlangoni, namba ya rangi ilikuwa nyingine.