Bush au Kerry: kuwahi kumpiga adui
Jana barazani Ngamiani, kashata mkononi, tukaurudia ule mdahalo wa Miami wa 30 Septemba 2004, wa wagombea urais wa Marekani, Rais Bush na Seneta Kerry, pale walipogusia kumpiga adui kabla hajakupiga. Bush yeye msimamo wake ulikuwa usingoje adui akufikie, mfuate hukohuko, na 2003 alishaivamia Iraki kwa hoja ya silaha za maangamizi ambazo wakazitafuta wee hazikuonekana. Kerry naye hakukataa kuwahi kupiga, hili wengi wanalisahau, alisema rais anayo haki hiyo ila lazima uweze kuwathibitishia wananchi wako na dunia kwamba sababu zako ni za kweli. Mi niko na Kerry kabisaa, maana hapa Tanga tuna makaburi ya vita vya 1914, askari wametolewa India huko kuja kufia kwenye ugomvi usio wao.