Miaka miwili na msambazaji wa muziki mtandaoni: tathmini ya rapa anayeishi kwa mistari yake

Nimeitumia huduma hii kwa miaka miwili kamili, tangu mwezi nilioacha kazi ya kuajiriwa ili niishi kwa kuchana mistari, na ninaiandikia tathmini sasa kwa sababu ankara ya mwaka wa tatu imeingia. Ni mojawapo ya zile huduma zinazopokea wimbo wa msanii asiye na lebo na kuupeleka katika programu za kusikiliza muziki duniani kote kwa ada ya mwaka, bila kukata asilimia yoyote ya mapato. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyalalamikia ni ya biashara yenyewe kuliko ya kampuni moja, na rapa anayetumia kampuni nyingine atayatambua bila kuambiwa.

Kazi yake ya msingi inaifanya vizuri. Kupakia wimbo huchukua robo saa: unaweka faili la sauti, picha ya jalada, majina ya waandishi na ya prodyuza, kisha unatia alama kama kuna lugha ya matusi, kipengele ambacho sisi marapa hatuwezi kukiruka kwa uongo. Mfumo wenyewe hutoa ISRC, yaani ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12 ambayo rekodi hubaki nayo popote inapokwenda. Nimetoa nyimbo 14 kupitia kwao na zote zilitoka siku niliyoichagua, ambayo kwa kawaida ni Ijumaa, kwa kuwa tangu Julai 2015 Ijumaa ndiyo siku ya muziki mpya karibu kote. Wanasisitiza upakie mapema, nami nawaunga mkono, maana Spotify hutaka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake angalau siku saba kabla ya kutoka ili uingie katika orodha ya nyimbo mpya inayowafikia wafuasi wako.

Ninachokipenda zaidi ni mgawanyo wa mapato. Wimbo wa rap mara nyingi ni mali ya watu wengi: ubeti wa pili ni wa mwenzako, kiitikio ni cha mwimbaji uliyemshirikisha, biti, yaani muziki wa chini ya mistari, ni ya prodyuza aliyeitengeneza, na zamani kila fedha ilipoingia nilikuwa mdaiwa wa watu ninaowapenda. Sasa asilimia huandikwa mara moja tu na kila mmoja analipwa kwenye akaunti yake. Urafiki mmoja umeokoka kwa sababu hiyo.

Tatizo linaanza pale ukurasa wao wa mbele unapomwahidi msanii kwamba ataishi kwa muziki wake. Ripoti yangu ya kwanza ilifika miezi mitatu baada ya wimbo kutoka, kwa kuwa programu za muziki huchelewa kutuma hesabu, na mwenye nyumba hangoji miezi mitatu. Nilipoifungua nilikuta jedwali refu lenye safu moja kwa kila nchi na kila programu, na katika safu nyingi kiasi kilianza na sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine mbili kabla ya tarakimu ya kwanza yenye thamani. Nilishusha jedwali hadi mwisho nikidhani jumla ndiyo itakayonifariji.

Mwaka 2021 Apple iliwaandikia wasanii kwamba huduma yake ya muziki hulipa wastani wa senti moja ya dola ya Marekani kila wimbo unaposikilizwa, na kiasi hicho ni cha wenye haki wote kwa pamoja, si cha rapa peke yake. Kwa kiwango hicho, wimbo uliosikilizwa mara 100,000 huleta takriban dola 1,000 za kugawana na prodyuza, mwimbaji wa kiitikio na mwenzako wa ubeti wa pili. Spotify haina kiwango maalumu. Fedha huingia kwenye fungu moja na kila mwenye haki hupata kulingana na sehemu yake ya usikilizwaji wote. Isitoshe, tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita hauzalishi mrabaha wa rekodi, yaani malipo ya mwenye rekodi kila inaposikilizwa, huko hata kidogo. Nyimbo zangu sita kati ya 14 ziko chini ya mstari huo, ilhali ada ya msambazaji ni ileile.

Jambo jingine ambalo huduma hii hailieleweshi vya kutosha ni kwamba inakusanya mrabaha wa rekodi peke yake. Mistari niliyoiandika ni kazi ya mtunzi, nayo ina mrabaha wake unaokusanywa na vyama vya hakimiliki au na mawakala wa haki za watunzi. Kwa mwaka mzima niliamini kwamba kila kilicho changu kinapita kwenye dashibodi yao, yaani ukurasa wa hesabu za msanii, kumbe nusu ya mlango ilikuwa bado imefungwa. Kosa hilo ni langu pia, lakini sentensi moja kwenye ukurasa wa malipo ingeniokoa.

Lililoniudhi kuliko yote linahusu biti za kukodi. Kama marapa wengi wasio na mtaji, nilikodi biti kwa leseni isiyo ya peke yangu, maana yake prodyuza anaruhusiwa kuwakodishia wengine biti hiyohiyo. Rapa mwingine aliyeikodi alisajili wimbo wake katika mfumo wa kutambua sauti kwenye tovuti za video, mfumo ukaisikia biti katika video yangu, ukaihesabu kuwa mali ya rapa huyo, na mapato yangu yakazuiwa. Nilimwandikia msambazaji, jibu lilikuja baada ya siku tisa, na lilikuwa la kunakiliwa. Nilipokuwa nikihangaika kutafuta haki yangu ndipo nilipogundua kwamba mimi mwenyewe, katika wimbo wa awali, nilitia alama kwenye kisanduku cha msambazaji cha kusajili wimbo katika mfumo huohuo, juu ya biti nyingine ya kukodi, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nimemzibia riziki mtu nisiyemjua. Kisanduku hicho huuzwa kama huduma ya ziada ya kulinda mapato. Onyo kwamba biti za kukodi haziruhusiwi lipo kweli, kwa maandishi madogo, chini kabisa ya ukurasa.

Pia msambazaji huyu hanipi jina la msikilizaji hata mmoja. Ninajua idadi yao, miji yao na umri wao wa kukadiriwa, lakini siwezi kumwandikia yeyote kwamba nina onyesho wiki ijayo. Mwaka 2013 rapa wa Marekani Nipsey Hussle aliuza nakala 1,000 za kazi yake kwa dola 100 kila moja, ingawa kazi hiyohiyo ilipatikana bure mtandaoni. Kwa senti moja kwa kila usikilizwaji, angehitaji kusikilizwa mara milioni 10 ili apate kiasi hicho. Nami, kwa udogo wangu, kilichonilisha miaka hii miwili ni maonyesho, beti nilizolipwa kuandika kwa ajili ya nyimbo za wengine, na fulana. Mapato ya dashibodi yalitosha kulipia studio, na si kila mwezi.

Je, nitahama? Nimelitafakari, lakini ada ikikoma nyimbo huondolewa kwenye programu zote, na kuhamia kwa msambazaji mwingine bila kupoteza hesabu za usikilizwaji kunadai kupakia kila kitu upya kwa namba zilezile za ISRC. Nimeilipa ankara kwa fedha ya onyesho la dakika 20. Ninawapa nyota tatu kati ya tano, na ya nne nitaiongeza siku watakapolipandisha lile onyo la biti za kukodi juu ya kisanduku.