Nta ya madini kwenye mlango wa mvule: kopo nililonunua Bagamoyo

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikitumia nta ya madini, yaani ozokeriti, niliyoinunua katika duka la vifaa vya useremala hapa Bagamoyo, kuung'arisha mlango wa mvule wenye nakshi ambao marehemu babu alituachia. Nta hii haitoki mzingani, bali huchimbwa ardhini. Machimbo yaliyovuma zaidi katika karne ya 19 yalikuwa Boryslav, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, ambako ilichemshwa majini pamoja na udongo wake hadi ikaelea juu na kuenguliwa. Ikisafishwa huitwa seresini, nayo hutiwa katika mishumaa, dawa ya viatu na vipodozi.

Nilichokithamini zaidi ni uwezo wake wa kustahimili joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini ozokeriti, kutegemea aina yake, huweza kuvuka nyuzi 70. Jua la adhuhuri linapoupiga mlango, kidole hakinati, na matone ya masika huteleza katika mikunjo ya nakshi bila kuacha madoa meupe.

Kasoro zipo. Ni ngumu, hivyo hulazimu kulainishwa kwa kuliweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, na harufu yake inakaribia ya mafuta ya taa. Linaloniudhi hasa ni kwamba kopo halionyeshi kiasi cha nta halisi kilichomo, ilhali mnunuzi ana haki ya kukijua. Hata hivyo, nitanunua jingine kwa ajili ya madirisha.