Mashine ya kisu wima na programu ya kupanga violezo: uzoefu wangu kwenye karakana ya sare

Tunashona sare za shule hapa Dar es Salaam: mashati meupe, sketi za bluu, kaptula. Kwa bei tunazouzia, kitambaa ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama, kwa hiyo mimi meza ya kukatia naichunga kuliko cherehani.

Tulinunua vitu viwili kwa mpigo: mashine ya kukatia ya umeme yenye kisu wima cha inchi 8, na programu ya kompyuta ya kupanga violezo, yaani maumbo ya vipande vya nguo vitakavyokatwa. Muuzaji wa mashine alituahidi kwamba mabaki yatapungua. Hayakupunguzwa na mashine hata kidogo. Kisu kinafuata mstari uliochorwa. Kama mstari umepangwa ovyo, kitakata ovyo kwa kasi zaidi.

Kazi hiyo imefanywa na programu. Zamani tulipanga kwa chaki, saizi moja moja. Sasa tunachanganya saizi, na kola, mifuko na vikofi (miisho ya mikono ya shati) vya saizi ndogo vinajaza mianya iliyoachwa na migongo ya saizi kubwa. Programu inakuonyesha asilimia ya kitambaa itakayotumika kabla hujagusa jora. Kwa mashati, ukivuka 85 umepanga vizuri. Karatasi yenye mpangilio huo, inayotandazwa juu ya kitambaa, tunachapisha kwa jamaa wa mabango; plota, yaani printa ya karatasi pana, hatuna.

Ila pima upana wa kila jora kwanza. Lebo inasema inchi 58, unafungua unakuta 57, na karatasi yako yote haifai. Angalia na ncha za tandiko, yaani tabaka za kitambaa zilizorundikwa mezani: ukiacha sentimita 5 kila upande, kwa tabaka 80 umetupa mita 8. Sisi sasa tunaacha 2.

Turudi kwenye mashine. Kwa usahihi naisifu, ila inchi 8 ni urefu wa kisu, si wa tandiko. Ukirundika sana, kisu kinapinda kwenye kona, kola ya juu na ya chini hazilingani, na mshonaji ndiye anayelaumiwa. Kola na vikofi tunavikata kwa tabaka chache. Kitambaa chenye poliesta nacho kina visa vyake: kisu kikipata moto, kingo zinayeyuka na kugandana. Punguza tabaka, noa mara kwa mara. Na kitambaa cha kuvutika cha fulana kitandaze kikae tangu jana yake, la sivyo kitarudi baada ya kukatwa na saizi zitakuwa uongo.

Glavu ya nyuzi za chuma haikuwemo kwenye boksi. Kwa mashine inayoweza kuondoka na kidole, huo ni ubahili wa kutisha. Nunua kabla hujaiwasha.

Programu naipa nyota 5. Mashine 3, na kama bajeti yako inatosha kimoja tu, anza na programu. Mkasi mzuri na tabaka chache vitakuvusha kwa muda.